UZI: Unataka kusafiri au kupiga kambi kwenye ardhi ya Waaborijini, Australia? Soma hapa kabla hujawasha gari

Dereva wa Alice (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila likizo ya mwezi wa saba ikikaribia napata ujumbe kutoka kwa Waswahili wenzetu wa Perth, Adelaide na Melbourne, na hata ndugu wa Dar wanaopanga kuja kutembea: "Kaka, tunataka kwenda Uluru kwa gari, tulale porini njiani, kuna shida?" Uluru ni ule mlima wa mwamba mwekundu, mtakatifu kwa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia. Wengine wananiuliza wakiwa wameshaingia tayari. Nimeona bora nifungue uzi mmoja, wote wasome, na wenye kujua zaidi waongezee. Mimi naishi Alice Springs na kazi yangu ni kupeleka bidhaa kwenye maduka ya vijiji vya jangwani. Barabara hizi ndizo mkate wangu, na watu wa huko ndio wanaonipokea.

Jambo la kwanza, na likikuingia hili mengine yatakuwa mepesi: lile jangwa lina wenyewe. Katika Northern Territory, eneo la katikati na kaskazini mwa nchi lenye Alice Springs na Uluru, karibu nusu ya ardhi yote ni mali ya Waaborijini kisheria, kwa sheria ya mwaka 1976. Ardhi hiyo haiuzwi. Hatimiliki ziko chini ya amana za ardhi, na wanaozisimamia ni mabaraza ya ardhi manne: Central Land Council hapa Alice Springs kwa upande wa jangwani, Northern Land Council kule Darwin kwa upande wa kaskazini, na mabaraza mawili ya visiwani, Tiwi na Anindilyakwa. Ukitaka kupita, kutembelea au kulala humo, unaomba kibali kwao, nao wanawauliza wenye ardhi.

Tatizo ni kwamba huoni mpaka. Unatoka kwenye ranchi ya ng'ombe unaingia ardhi ya Waaborijini, udongo ni ule ule mwekundu, vichaka ni vile vile, hakuna uzio wala geti. Kuna kibao tu kando ya barabara, kimepigwa jua mpaka maandishi yamefifia, na mara nyingi kina matundu ya risasi. Mgeni anakipita kwa kilomita 90 kwa saa. Kwa hiyo usitegemee kibao. Chora njia yako kwenye ramani nyumbani, kisha ingia kwenye tovuti ya baraza husika uangalie kila kipande cha njia hiyo ni cha nani.

Kibali cha kupita tu kwenye barabara iliyotajwa hupatikana upesi, na kwa Central Land Council hakilipiwi. Kibali cha kuingia kijijini au kukaa ni habari nyingine. Kile kinapelekwa kwa wenye ardhi wenyewe, na wao wana shughuli zao, wana safari zao, wana misiba yao. Omba wiki kadhaa mapema. Ukinyimwa, umenyimwa, usianze kutafuta njia ya mkato.

Elewa pia kibali cha kupita kinasema nini. Kinakuruhusu kufuata ile barabara. Hakikuruhusu kukata kushoto kwa sababu umeona kilima kizuri, wala kufuata alama za matairi zinazoelekea bondeni. Zile alama zinaweza kuwa zinakwenda kwenye shughuli ambayo hata baadhi ya watu wa kijiji chenyewe hawaruhusiwi kuiona. Kuna sehemu za wanaume tu na sehemu za wanawake tu, mambo ya jando na unyago wao, na hayawekwi kwenye ramani kwa sababu hiyo hiyo. Tangu 1989 kuna sheria ya Northern Territory inayolinda maeneo matakatifu, na kuingia mahali hapo bila idhini ni kosa la jinai.

Sasa kulala. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mfano ulio karibu ni njia ya Mereenie, inayotoka Hermannsburg kwenda Kings Canyon. Unanunua pasi yake kwa dola chache tu, unapita, lakini kulala njiani hairuhusiwi. Unaanza asubuhi unamaliza jioni. Uluru hali kadhalika: ndani ya hifadhi hakuna kambi kabisa, unalala Yulara, mji mdogo wa wageni nje ya mpaka. Sehemu nyingine zimetengewa kambi na ukilala hapo hakuna neno. Kwa hiyo swali la kuuliza baraza ni "naruhusiwa kulala wapi", kwa jina la mahali, na siyo "naruhusiwa kulala".

Palipo na kambi halali, haya ndiyo yanayowaudhi wenyeji zaidi nikiwasikiliza:

Kupiga hema kando ya maji. Jangwani kisima cha mwambani au dimbwi moja ndilo linalonywesha kila kiumbe kwa kilomita nyingi. Ukiweka hema na moto wako pale, kangaruu na ndege wanakaa mbali na kiu usiku kucha. Lala mbali. Usioge humo na sabuni, usioshee vyombo humo, usichovye hata kitambaa chenye mafuta ya jua. Na maji mengi ya namna hiyo yana hadithi na wenyewe, kwa hiyo uliza kabla hata hujaogelea.

Kukata kuni. Mti wa mulga unakua polepole mno, na ule uliokauka ni nyumba ya mijusi na ndege. Beba jiko la gesi.

Taka. Hakuna gari la taka linalopita kule. Ulichoingia nacho toka nacho, pamoja na karatasi za chooni. Samahani kwa kulisema wazi hivyo, ila ndilo ninalolalamikiwa kuliko jingine lolote.

Kuokota vitu. Jiwe, kipande cha mbao iliyochongwa, mfupa, gamba, acha pale pale. Ofisi ya hifadhi ya Uluru inapokea vifurushi kutoka duniani kote, watu wanarudisha mawe waliyoyachukua, na barua za kuomba radhi ndani.

Pombe: vijiji vingi havitaki pombe hata tone, na katazo hilo linaanza mbali kabla hujaona nyumba. Kwenye kibao utakuta limeandikwa. Polisi wana mamlaka ya kukagua gari na wanaweza kulishikilia. Kujitetea kwamba bia ilikuwa ndani ya friji na hukuifungua hakusaidii. Wanaopigania katazo hilo kwa nguvu katika vijiji vingi ni akina mama wa pale pale, ambao wamezika watoto. Heshimu.

Petroli nayo ina habari yake, nitaieleza mtu akiuliza. Karibuni tuendelee.

Mama Neema

Asante sana kaka kwa elimu hii. Sisi tuko Adelaide, tunataka kupanda na barabara kuu ya Stuart mpaka Uluru na watoto wawili. Kibali tunahitaji? Na hiyo habari ya petroli ni nini, maana gari letu ni la petroli.

Dereva wa Alice

Dada, Stuart Highway na Lasseter Highway ni barabara za umma, hazihitaji kibali. Mkifika Uluru mnalipia tiketi ya hifadhi basi. Ila mkiwa bado South Australia, karibu na Marla, upande wa magharibi kuna ardhi ya APY, yaani ya Waanangu, Waaborijini wa jangwa hili, zaidi ya kilomita za mraba 100,000, ambayo wameimiliki kwa sheria ya 1981. Huko bila kibali usiingie hata kwa kilomita moja.

Petroli: kuanzia 2005 vituo vingi vya jangwani vinauza aina inayoitwa Opal badala ya ile ya kawaida. Vijana walikuwa wanavuta petroli ya kawaida, wanaharibika ubongo, wanakufa. Opal imepunguzwa ule mvuke unaolevya, na gari linatembea nayo kama kawaida. Mahali pengine kuingia na madumu ya petroli ya kawaida ni marufuku kabisa. Kuna vituo utakuta pampu zimefungiwa ndani ya vizimba vya chuma na kufuli, mhudumu anatoka na ufunguo. Usishangae wala usipige picha.

Bukavu hadi Perth

Salamu ndugu wote. Mimi ni Mkongo, nakaa Perth, na nimepita Great Central Road na familia. Naongeza kwa upande wa Western Australia kwa sababu huku sheria ni nyingine.

Barabara hiyo inatoka Laverton mpaka Yulara, ni zaidi ya kilomita elfu moja, sehemu kubwa ni vumbi. Unahitaji vibali VIWILI. Kimoja cha Western Australia, kwa sababu unapita katika ardhi ya Wangaanyatjarra, na kingine cha Central Land Council kwa kile kipande cha kutoka mpakani kupita Kaltukatjara, ambako wazungu wanaita Docker River, mpaka Kata Tjuta, vilima vya mwamba karibu na Uluru. Watu wengi wanachukua kimoja wanadhani kimetosha. Tarehe ziandike vizuri pande zote mbili, na andika majina ya kila mtu aliye ndani ya gari, hata mtoto.

Lala kwenye vituo: Tjukayirla, Warburton, Warakurna. Wana sehemu za hema na maji ya kuoga. Mafuta jaza kila kituo hata kama tanki bado nusu. Usiendeshe usiku! Ngamia wa porini ni wengi, ni wakubwa, na kwenye mwanga wa taa humuoni mpaka umefika miguuni pake. Barabara ina vituta vidogo vidogo vya mfululizo vinavyotikisa gari mpaka nati zinalegea, punguza upepo wa matairi na beba spea mbili.

Mvua ikinyesha barabara inafungwa. Ukipita penye kizuizi unaiharibu kwa wale wanaoishi pale, gari la chakula linashindwa kufika dukani kwao. Nadhani mleta uzi anajua hilo kuliko mimi.

Warburton kuna nyumba ya sanaa yenye picha za watu wa pale. Mimi nilisimama kwa mafuta, nikabaki humo karibu mchana mzima.

Dereva wa Alice

Ndugu wa Bukavu umesema kweli tupu kuhusu barabara kufungwa. Gari moja la mtalii likikata mitaro kwenye tope, siku linapokauka inakuwa kama zege, na lori langu linakwama. Wanaokosa unga na maziwa ya watoto ni watu wa kijiji.

Mzalendo77

Mimi nina swali na naomba nisieleweke vibaya. Hii ni nchi moja, raia wote wanalipa kodi. Iweje mtu anahitaji kibali kutembea ndani ya nchi yake kwa sababu ya kabila? Ingekuwa upande wa pili, wazungu wamewawekea Waaborijini kibali, si tungeita ubaguzi?

Otieno wa Darwin

@Mzalendo77 waliwekewa. Perth kuanzia 1927 mpaka 1954 katikati ya mji palikuwa marufuku kwa Mwaborijini asiye na pasi. Jua likizama awe ametoka. Alice Springs yenyewe iliwahi kutangazwa eneo lililokatazwa kwao. Sisi Wakenya babu zetu walivaa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, kwa hivyo nilipoisoma hiyo historia haikunipa shida kuielewa.

Halafu hii si habari ya kabila, ni habari ya mali. Mwenye ranchi ya ng'ombe hapa Territory ana eneo kubwa kuliko wilaya, na huwezi kupiga hema kando ya nyumba yake bila kumuuliza. Hakuna anayeita huo ubaguzi. Mwaborijini akifanya hivyo hivyo kwenye ardhi yake ndiyo maswali yanaanza.

Dereva wa Alice

@Mzalendo77 swali lako ni zuri na nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wema. Ngoja nikupe ilivyokuja hii sheria, maana haikutolewa kama zawadi.

Mwaka 1963 watu wa Yirrkala, kule Arnhem Land upande wa kaskazini, walipeleka bungeni Canberra maombi yaliyoandikwa na kubandikwa juu ya magome ya mti yaliyochorwa. Serikali ilikuwa imekata sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya mgodi wa boksiti bila kuwauliza. Wakaenda mahakamani, na 1971 wakashindwa: jaji alikubali kwamba wana mfumo wao wa sheria, lakini akasema sheria ya nchi haitambui umiliki wao. Wakati huo huo, tangu 1966, Wagurindji wa Wave Hill walikuwa wamegoma na kuondoka kwenye ranchi ya bwanyenye wa Kiingereza, wakiongozwa na Vincent Lingiari. Walianza na mishahara, baadaye wakasema wazi kwamba wanachotaka ni ardhi yao. Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alifika akammiminia Lingiari mchanga mkononi, na mwaka uliofuata ndiyo ikapitishwa ile sheria ya 1976.

Kwa hiyo kile kibali unachokijaza kwa dakika kumi kwenye simu kimegharimu watu maisha yao ya utu uzima. Na bila haki ya kusema "hapana", umiliki unabaki kwenye karatasi tu. Uluru ilirudishwa kwa Waanangu tarehe 26 Oktoba 1985, na siku hiyo hiyo wakaikodisha kwa serikali kama hifadhi kwa miaka 99. Waliwaomba wageni kwa miaka na miaka wasiupande ule mlima. Wageni wakawa wanapiga picha kibao cha ombi hilo, kisha wanapanda. Ilichukua mpaka 26 Oktoba 2019 kufungwa rasmi, baada ya bodi ya hifadhi, ambayo Waanangu ndio wengi ndani yake, kupiga kura 2017.

Kuna sababu nyingine ya kibali ambayo watu hawaifikirii: usalama wako. Kule Maralinga, South Australia, Waingereza walilipua mabomu saba ya atomiki mwaka 1956 na 1957, na majaribio madogo ya sumu yakaendelea mpaka 1963. Wenye ardhi waliondolewa. Leo ardhi imerudi kwao, na anayetaka kuona anapelekwa na wao wenyewe kwa ziara maalumu. Nani angependa kupiga hema pale bila kumuuliza mwenyeji?

Mzalendo77

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya Perth sikuijua kabisa.

Shangazi Rehema

Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwenye zahanati ya kijiji upande wa jangwani, sitakitaja. Naomba niongeze mambo mawili ambayo karatasi ya kibali inayataja kwa mstari mmoja tu.

La kwanza ni msiba. Akifa mtu, kijiji kinasimama. Watu wanasafiri kilomita mia tano, mia sita kuja kuomboleza, na matanga yanaweza kwenda wiki nyingi. Familia ya marehemu mara nyingi inahama nyumba. Jina la marehemu halitajwi tena kwa muda mrefu, na mwingine mwenye jina hilo hilo anaitwa kwa jina la badala, kwa mfano Kumantjayi. Picha zake zinafichwa. Ndiyo maana televisheni za hapa hutoa onyo kabla ya kuonyesha picha za Waaborijini waliofariki.

Kwa msafiri maana yake ni hii: unaweza kuwa na kibali mkononi, umelipia kila kitu, ukafika ukaambiwa kijiji kimefungwa au barabara imefungwa. Geuza. Usijadiliane, usionyeshe karatasi, usiseme umetoka Melbourne. Nilimwona baba mmoja mtu mzima amesimama kwenye jua na tawi mkononi akiwaomba watalii warudi. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, na wao bado wanamweleza ratiba yao. Yule ndiye aliyekuwa amefiwa.

La pili ni picha. Wanangu, msipige picha watoto. Najua ni wazuri, najua wanacheka na wenyewe wanakuja mbele ya simu. Muulize mama yake au bibi yake, na akisema hapana au akanyamaza, basi ni hapana. Kunyamaza kwao mara nyingi ndiko kukataa kwa adabu. Usipige picha nyumba za watu, usipige picha makaburi, usipige picha mtu aliyeketi chini ya mti. Kuzunguka Uluru kuna sehemu zenye vibao vinavyosema hapa usipige picha kabisa, kwa sababu zile kuta zenyewe ni maandiko yao. Droni acheni nyumbani.

Na mkifika kijijini kwa ruhusa, endesheni polepole sana, simameni dukani au ofisini kwanza, jielezeni ni nani na mnakwenda wapi. Msizunguke mitaani kwa gari mkiangalia watu. Nunueni kwenye kituo chao cha sanaa. Hela inakwenda kwa aliyechora. Mzee akikutazama kando badala ya usoni usidhani amekudharau, kwao kumkazia mtu macho siyo heshima. Hilo Mswahili yeyote aliyelelewa na bibi hahitaji kufundishwa.

Mwana Kilwa

Shikamoo Shangazi, na asanteni wote. Mimi niko Lindi lakini nitakuja Darwin kwa masomo mwakani inshallah. Nimesoma kwamba sarafu za Kilwa ziliokotwa kwenye kisiwa huko kaskazini mwa Australia. Natamani sana kufika mahali hapo hata nipige kambi usiku mmoja. Inawezekana?

Otieno wa Darwin

Karibu Darwin ndugu. Habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 1944 askari wa rada wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, katika visiwa vya Wessel. Alizihifadhi miaka mingi, hadi 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za kampuni ya biashara ya Kiholanzi, tano ni za shaba za Kilwa, za masultani wenu. Zimefikaje pale, wataalamu bado wanabishana: wapo wanaosema Wareno, wapo wanaosema mabaharia wa Asia. Mwaka 2013 timu ya watafiti ilikwenda tena, pamoja na wenyeji.

Hilo neno "pamoja na wenyeji" ndilo jibu lako. Visiwa vya Wessel ni ardhi ya Wayolngu, sehemu ya Arnhem Land, ambayo imetengwa tangu 1931. Hakuna barabara, hakuna mji pale, hakuna hoteli. Unaomba kwa Northern Land Council, unaeleza wewe ni nani na unataka nini, nao wanawauliza wenye kisiwa. Mwambie ukweli: mimi ni mtoto wa Kilwa, nataka kuona zilipopatikana sarafu za kwetu. Binafsi naamini ombi kama hilo litasikilizwa kwa masikio mengine, maana Wayolngu wana kumbukumbu ndefu ya wageni wa baharini. Wamakassar kutoka Sulawesi walikuwa wanakuja kwao kila msimu kuvua majongoo bahari, karne kadhaa zilizopita hadi 1907 serikali ilipokataza.

Usifikirie kwenda na boti peke yako. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Blue Mud Bay, iliamua kwamba haki ya wenye ardhi inaenea mpaka kwenye maji yanayofunika ufuo wakati bahari imejaa. Yaani hata kama hujashuka, ukitupa ndoano sehemu hiyo uko kwenye mali ya watu. Na bahari ya kule ina mamba wa maji chumvi, siyo maji ya kuogelea.

Ukiona sarafu, usiiguse! Piga ripoti. Kuokota kitu cha kale pale ni kosa, na ikishatolewa mahali pake nusu ya habari yake imepotea. Zile tano zenyewe ziliishia Sydney, Powerhouse Museum.

Wakati unasubiri jibu, anza na kijiji cha Gunbalanya. Unatoka Darwin unapita hifadhi ya Kakadu, unavuka mto pale Cahills Crossing maji yakiwa yameshuka, angalia ratiba ya kupwa na kujaa kabla ya kuingia, na kibali unakiomba kabla ya kufika mtoni. Pale Injalak, kituo cha sanaa cha kijiji, kuna wasanii, na vijana wa pale ndio wanaokupandisha kilimani kuona michoro ya mwambani. Bila mwongozaji hupandi.

Mwana Kilwa

Nitaandika barua hiyo. Nitaomba kwanza, tiketi baadaye.

Mama Neema

Jamani mmenifungua macho. Tumeamua: Stuart Highway, tunalala Coober Pedy, halafu Marla, halafu Yulara, na tukitoka Uluru tunapitia njia ya Mereenie kwa pasi, mchana tu. La mwisho kaka: tuna mbwa mdogo, watoto hawakubali kumwacha.

Dereva wa Alice

Mbwa haingii hifadhi ya Uluru, hata akikaa ndani ya gari. Kambi ya Yulara ulizeni kwa simu kabla ya kuondoka kama watawapokea naye, na mjue mmoja wenu atabaki naye kila mara wengine wakienda mlimani. Mkiweza kumwacha kwa jirani Adelaide, mwacheni. Mwezi wa saba mchana ni mzuri lakini usiku jangwani maji yanaganda kwenye ndoo, kwa hiyo nafasi ya mbwa jazeni mablanketi. Kwa Mereenie mkishapata pasi, toka Kings Canyon saa mbili asubuhi, siyo saa tano, na jazeni mafuta kabla hamjaondoka.